Programu Iliyomleta Bwana Wastani

Jumatatu asubuhi Rahabu, mtunza takwimu, alikuwa akifuta vumbi kwenye kibodi kwa kitambaa kibichi, kama alivyofanya kila Jumatatu, kwa sababu upepo wa Singida hauna habari kwamba ofisi hufungwa mwisho wa wiki. Alifuta, akapuliza, akaigeuza kibodi juu chini, na punje chache za alizeti zikadondoka mezani. Akazitafuna. Kituo cha utafiti wa alizeti kilikuwa nje kidogo ya Iguguno: nyumba mbili za bati, ghala, jiko, na mwarobaini mmoja katikati ya ua. Hapakuwa na kitu pale, kuanzia droo za meza hadi feni ya dari, ambacho hakikuwa na punje za alizeti ndani yake.

Siku hiyo kulikuwa na kikao cha kuchagua programu ya kuchorea grafu.

Jambo lenyewe lilianza na aibu. Ripoti ya mwaka uliopita ilirudishwa na makao makuu kwa sababu kila mtu aliyeiandika alichora grafu kivyake. Mmoja alichora nguzo za rangi ya waridi zenye vivuli. Mwingine alichora duara lililokatwa vipande kama keki ya kipaimara. Daktari Clement, mkuu wa kituo, alichora yake kwa rula na penseli, akaipiga picha kwa simu, na kidole gumba chake kikaonekana pembeni kikiwa na afya njema. Makao makuu walijibu kwamba kituo kizima kitumie programu moja tu, na kwamba kidole kiondolewe.

Daktari Clement hakuwa mtu mbaya, na msomaji asije akamchukia mapema. Mbegu iliyokuwa ikijaribiwa katika vijiji vitatu aliizalisha yeye mwenyewe kwa miaka mingi ya jasho. Siku ilipotoa ua lake la kwanza mke wake alijifungua binti, basi wote wawili wakapewa jina moja, Eliana. Binti yuko kidato cha pili na anafanya vizuri. Mbegu nayo ilifanya vizuri Iguguno, na Ihanja ilijitahidi. Mgori ilitoa mapepe. Vichwa vilikuwa vikubwa kama masinia, vya kupendeza kupigia picha, lakini ukiminya ganda lolote ndani hamna kitu.

Rahabu aliyajua hayo kuliko mtu yeyote pale ofisini, kwa sababu Mama Dorkas wa Mgori, dada wa mama yake, ndiye aliyemlea. Misimu miwili mfululizo Mama Dorkas alikuwa amevuna mapepe. Asingekuwa na shida kama angeweza kurudia mbegu yake ya zamani, ile ndogo nyeusi ambayo haikupendeza kwa picha lakini ilijaa mafuta. Ila Eliana ilipoletwa, wataalamu waliwaomba wakulima wa vijiji vyote vitatu watoe mbegu ya zamani isije ikachanganyika na mpya shambani. Ihanja walitoa kidogo wakaficha nyingine darini. Iguguno walisema wataleta kesho. Mgori, watu wa kusikiliza wataalamu, walitoa yote hadi ya kwenye vibuyu. Sasa ilikuwa imekaa kwenye magunia katika ghala la kituo, na ingerudishwa Mgori kabla ya mvua za Novemba endapo tu ripoti ingeonyesha kwamba kule Eliana imeshindwa.

"Hiyo picha yenu mnayochora," Mama Dorkas alimwuliza kwenye simu, kwa Kinyaturu, maana mambo mazito waliyasema kwa Kinyaturu, "mimi nitakuwemo?"

"Utakuwemo, mama mkubwa."

"Basi nionekane, mwanangu."

"Utaonekana."

Kikaoni alikuwepo pia Alute, mtaalamu wa kompyuta kutoka mkoani, kijana mwenye begi la mifuko mingi na tabia ya kutazama skrini hata akiwa anaongea na mtu. Alisema kuna programu tatu. Kuna ile ya jedwali, ambayo kila kompyuta inayo. Kuna ya bure, ya kupakua mtandaoni. Na kuna ya leseni, inayotumiwa na vituo vikubwa. Wangezijaribu zote kwa takwimu zilezile za wakulima walewale, na itakayoshinda ndiyo hiyo.

Walianza na ya jedwali. Rahabu aliingiza mavuno ya kila shamba, akachagua nguzo, akabonyeza. Nje pakasikika kishindo. Scholastika, mpika chai wa kituo, alichungulia dirishani, akasema wakulima wamefika, akaenda kuongeza maji kwenye sufuria.

Walikuwa wamefika kweli, kila mmoja kama alivyokutwa. Mmoja alikuwa na jembe, mwingine alikuwa na povu la sabuni nusu ya kidevu. Walikuwa wamepangwa nguzo tatu katikati ya ua, mtu juu ya mabega ya mtu, kijiji kwa kijiji. Nguzo ya Iguguno ilipita paa. Ya Ihanja ilifika kwenye ukingo wa bati. Ya Mgori, ingawa wao ndio waliokuwa wengi, iliishia kwenye kizingiti cha dirisha, kwa sababu programu iliwabana wote waenee kwenye urefu huo, na kutoka mle ndani zilionekana pua na viwiko tu.

Daktari Clement aliizunguka kazi hiyo akiwa ameshika mikono nyuma. Aliipenda. Ilikuwa inasomeka. Ndipo sauti ya Mama Dorkas ikatoka katikati ya nguzo ya Mgori.

"Nani huyo begani kwangu?"

Sauti ya kiume ikajibu kwa taabu kubwa. "Ni mimi, Raymond. Nisamehe, mama."

Raymond alikuwa amemwoa binti wa Mama Dorkas. Tangu siku ya mahari hajawahi kumpa mama mkwe mkono wala kula naye chombo kimoja, na wakikutana njiani yeye ndiye hupisha na kushika majani ya pembeni. Sasa alikuwa amemkanyaga bega la kulia, macho ameyafumba, machozi yanamtoka. Wazee wa vijiji vyote vitatu, kila mmoja kutoka urefu wake, walitamka kwamba hilo haliwezekani. Rahabu alikimbia ndani akafunga programu, na nguzo zikafumuka taratibu. Ilibidi Raymond atafute mbuzi wa kumwombea radhi mama mkwe. Katika muhtasari wa kikao Alute aliandika: *Programu ya kwanza ni rahisi na inapatikana kila mahali, ila inakanyagisha wakwe.*

Kesho yake wakajaribu ya bure. Hii haikuwa na vitufe vya kubonyeza. Ulikuwa unaiandikia maneno nayo inakuelewa au inakataa. Rahabu aliwahi kuisoma chuoni akaipenda, kwa kuwa haikuwa na kawaida ya kujipendekeza. Aliiandikia kwamba kila mkulima awe nukta moja, peke yake; kushoto kwenda kulia iwe mvua aliyoipata, chini kwenda juu iwe mavuno.

Safari hii hapakuwa na kishindo. Walipotoka nje waliwakuta wakulima wametapakaa ua mzima, kila mtu mahali pake, hakuna aliyemgusa mwenzake. Waliopata mvua kidogo walikuwa upande wa lango, waliopata nyingi walikuwa upande wa jikoni. Waliovuna zaidi walikuwa juu zaidi. Mzee Hezekia wa Iguguno, ambaye hakuna aliyemfikia kwa mavuno, alikuwa juu ya kilele cha mwarobaini, amekaa hewani na kukunja nne, kofia kichwani, akiwatangazia walio chini kila basi lililopita barabarani. Walimwomba ashuke anywe chai. Alijaribu kwa moyo mkunjufu lakini hakuweza, mavuno yake yalikuwa yamemshikilia. Scholastika akafunga kikombe kwenye mti mrefu wa kuangulia mapera, akampandishia.

"Ninyi Wanyaturu mbona mmelala chini namna hiyo?" Mzee Hezekia aliwatania watu wa Mgori, yeye akiwa Mnyiramba na mtani wao halali. "Mmefiwa?"

Walikuwa upande wa jikoni wote, kule kwenye mvua nyingi. Mvua walipata. Palizi walipalilia. Na bado walikuwa chini kabisa, nyayo zikigusa udongo, wamejipanga kando ya mfereji wa maji ya vyombo. Mama Dorkas alikuwa wa mwisho, pale mfereji unapopinda. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, kwa sababu safari hii alijua anakuja kuonekana.

Rahabu alisimama mlangoni akatazama, na moyo wake ukajaa furaha ambayo hakuwahi kuipata kwenye kazi ile. Hapakuhitajika maelezo. Hata mtu asiyejua hesabu angeona kwamba wale watu mvua haikuwanyima kitu, kwa hiyo kosa liko kwenye mbegu. Daktari Clement alitoka, akasimama kando yake, akatazama kushoto, akatazama juu, kisha akatazama kule jikoni chini. Aliona. Rahabu alimwona akiona.

Daktari alishuka ngazi, akavuka ua kwa adabu akiwapisha watu, akaenda moja kwa moja kwa Mama Dorkas. Akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za mavuno?"

"Ndiyo haya," alisema Mama Dorkas, akamwonyesha miguu yake ilivyogusa chini.

Daktari alimpa pole, akamwuliza habari za nyumbani, akamshukuru kwa kuja. Aliporudi ofisini alifunga mlango. "Hii grafu imechafuka, Rahabu," alisema. "Watu wametapakaa mno. Mtu wa makao makuu ataanza kuangalia wapi?"

"Ataangalia pale mfereji unapopinda."

"Wewe ungependa aangalie hapo."

"Ndivyo walivyovuna, Daktari. Mimi sijamsogeza mtu."

Nje Scholastika alikuwa anatangaza kwamba sukari imekwisha na bado nusu ya watu hawajapata kikombe. Alute akaandika: *Programu ya pili ni ya bure na inaonyesha kila kitu, ila inatapanya watu na kumaliza sukari.*

Siku ya tatu Alute aliweka ya leseni. Alitumia muda mrefu kuandika namba ya siri iliyokuwa na herufi kubwa na ndogo, akakosea, akarudia. Kisha akaipa takwimu zilezile, nayo haikuuliza kitu. Ikachora mstari mmoja wa bluu, mwembamba, usio na kona, ukipanda kutoka kushoto kwenda kulia, na pembeni yake kivuli chepesi kama ukungu wa asubuhi. Daktari Clement aliuangalia kwa muda. Alikuwa na uso wa mtu aliyeletewa mtoto mchanga amshike.

Nje palikuwa kimya. Kisha mtu akapiga hodi langoni.

Hakuwa mrefu wala mfupi. Alivaa suruali ya kaki, na juu yake kanga iliyoishia magotini, maana nusu ya wakulima walikuwa wanawake. Mkononi alibeba tenga lenye kuku sita na paja. Paja lilikuwa zima na lenye nguvu, na lilipotolewa kwenye tenga likaanza kuparua udongo kutafuta wadudu. Alisema jina lake ni Wastani. Yeye na Daktari Clement walitazamana kidogo wakipima nani amwamkie nani shikamoo, wakaona wamelingana, wakapeana mikono.

Walimkaribisha ndani, akanywa kikombe kimoja cha chai, sukari kiasi. Kila mtu alimpenda papo hapo.

"Watoto wangapi, Bwana Wastani?" Alute alimwuliza.

"Wanne na robo, Mungu ni mwema. Huyo wa robo ni mtulivu sana, hasumbui."

"Na unaishi wapi?"

"Katikati ya Iguguno, Ihanja na Mgori."

Alute alitoa simu akapima kwenye ramani, akagundua kwamba mahali hapo ni ndani ya Ziwa Singidani. Bwana Wastani alikubali kwamba ndipo. Chumvi ipo, alisema, lakini mtu huzoea, na wale flamingo ni majirani wazuri. Ijumaa huenda msikitini na Jumapili huenda kanisani, na kote huondoka kabla ya matangazo.

"Na mavuno?" aliuliza Daktari Clement, akijifanya hana haraka ya jibu.

"Si haba," alisema Bwana Wastani.

Rahabu alikuwa amekaa pembeni kwa hasira. Akamwuliza kama na yeye amepata mapepe. Bwana Wastani aliingiza mkono mfukoni, akatoa alizeti konzi moja, akazitandaza mezani kwa uaminifu wote. "Yamo kidogo," alisema. "Ukichanganya hayaonekani."

"Mama yangu mkubwa wa Mgori yuko wapi?"

Bwana Wastani alifikiri. Alijipapasa kifuani, akashuka, akasimamisha kidole chini ya mbavu ya kushoto. "Nadhani yuko hapa," alisema kwa upole. "Nikilalia upande huu huwa pananichoma kidogo."

Hakuwa mtu wa kuchukiwa, na hilo ndilo lililomuumiza Rahabu zaidi. Alute akaandika: *Programu ya tatu ni nadhifu, inaleta mtu mmoja, anakunywa kikombe kimoja.* Kikao kikapitisha.

Jioni ile Rahabu aliingia kwa Daktari bila kubisha. Alimwambia kwamba kule Mgori watu walitoa mbegu yao yote kwa kumwamini, na kwamba mstari ule ni kweli kwa mtu ambaye hayupo na ni uongo kwa kila mtu aliyepo. Daktari alimsikiliza hadi mwisho. Akavua miwani, akafuta vumbi, akavaa.

"Eliana husoma ripoti zetu," alisema. "Binti yangu. Huzitafuta kwenye mtandao aone jina lake." Kisha akaongeza, kama mtu anayetoa kitu kikubwa, "Nitawapa Mgori tanbihi."

Wakapewa tanbihi. Ilikaa mwisho wa ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo kuliko zote zilizomo kwenye printa, ikisema kwamba katika baadhi ya maeneo matokeo yalitofautiana. Siku ripoti ilipochapwa watu wa Mgori waliamka na sauti ndogo. Wiki nzima walisikika kama wanaongea kutoka chini ya blanketi, na walipopiga simu waliambiwa waongee kwa nguvu. Wengi walilaumu mtandao.

Makao makuu walifurahi. Wakaahidi kuja kuiona kazi hiyo kwa macho yao.

Asubuhi ya ujio wao Rahabu aliwahi kituoni kabla ya wote. Alifungua programu ya bure, akaiandikia maneno yaleyale, kisha akafunga chumba na kuweka ufunguo kwenye soksi. Magari ya wageni yalipoingia, wakulima walikuwa tayari wametapakaa ua mzima, Mzee Hezekia juu ya mwarobaini, Mgori chini kando ya mfereji. Dereva wa gari la mbele alipiga honi kidogo ili apishwe.

Kiongozi wa msafara, mtu mnene mwenye tabasamu la dhati, alishuka akawapungia walio juu na walio chini. "Hawa ni akina nani?" aliuliza.

"Ni takwimu," alijibu Daktari Clement.

"Wamepata chai?"

Rahabu alisogea mbele. Alimwomba mheshimiwa aangalie kule jikoni, wale walio chini. Walipata mvua kuliko wengine wote, alisema, na hawakuvuna.

Kiongozi aliangalia. Uso wake ukaingiwa na huruma ya kweli. Alikwenda hadi pale mfereji unapopinda, akamwamkia Mama Dorkas, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaomba wapigwe picha. Wakapigwa mbili, kwa sababu ya kwanza Mama Dorkas hakuwa ametabasamu. Baada ya hapo msafara uliingia ndani kuzungumza na mkulima.

Bwana Wastani aliwajibu maswali yote. Hakuna aliyetoka pale hajaridhika. Wakamchagua awe mwakilishi wa wakulima wa vijiji vitatu na mpokeaji wa mbegu kwa niaba yao, naye akakubali bila kuringa na bila kujidharau.

Mchana ikaja harufu ya kuku. Kuku wa Singida hahitaji kusifiwa hapa, lakini siku ile kulikuwa na kitu cha zaidi, harufu nzito, tamu, iliyotoka jikoni ikatanda ua mzima hadi kwa Mzee Hezekia kule juu, akanyamaza katikati ya kutangaza basi. Mama Dorkas aliinua pua. Alivuta pumzi moja ndefu, akafumba macho.

"Rahabu," aliita. "Hayo mafuta yametoka wapi?"

Rahabu alikwenda jikoni kuuliza. Scholastika, huku akigeuza mapaja, alimweleza kwamba Daktari alitaka ghala liwe wazi ili magunia ya Eliana ya msimu ujao yapate pa kukaa. Yale magunia ya zamani yalikuwa yanajaza nafasi, basi yamepelekwa kukamuliwa. Mafuta yametoka mengi ajabu, alisema. Kuna madumu mengine pale nyuma, kama anataka kuchukua kidogo nyumbani.

Rahabu alirudi hadi kwenye mfereji. Hakuhitaji kusema. Mama Dorkas alikuwa ameshaijua ile harufu. Kwa mafuta hayo alikuwa amewapikia watoto wote wa ukoo, Rahabu akiwa mmoja wao.

"Ni yetu," alisema Mama Dorkas.

"Ni yetu, mama mkubwa."

"Yote?"

Rahabu akaitikia kwa kichwa, akalia pale mbele ya vyombo vichafu, bila kujificha. Mama Dorkas alimfuta uso kwa ncha ya kitenge cha kanisani. Hakuweza kumkumbatia, maana Rahabu alikuwa amesimama nje kidogo ya mahali pake, na yeye asingeweza kusogea. Ndani wageni walisifu sana mafuta. Kiongozi wa msafara alisema hajala kuku wa namna ile tangu utotoni, na Bwana Wastani, alipoulizwa, alisema si haba.

Novemba lori lilileta Eliana. Bwana Wastani aliweka sahihi kwa niaba ya wote, na Mgori wakapanda kwa sababu hapakuwa na kingine cha kupanda. Mvua ikanyesha vizuri. Vichwa vikawa vikubwa kama masinia.

Msimu ulipokwisha ofisi ilipokea takwimu mpya, na mstari wa bluu ukatoka vilevile. Mavuno ya Bwana Wastani yalikuwa yametaka kushuka, lakini Mzee Hezekia alikuwa amepanua shamba, basi yakarudi mahali pake. Paja la kuku lilikuwa limeanza kuota bawa.

Rahabu hakuifunga tena ile programu ya bure. Hakuna aliyemlazimisha, na baada ya muda hakuna aliyekumbuka kwamba ua ule ulikuwa mtupu zamani. Wakulima walikuja wenyewe kila Jumanne wakakaa mahali pao hadi jioni. Magari yalihamishiwa nyuma ya ghala. Scholastika alianika vitambaa vyake vya vyombo kwenye kamba aliyoifunga kati ya mwarobaini na kifundo cha mguu cha mmoja wa Ihanja, kwa ruhusa yake. Raymond, ambaye nukta yake ilikuwa jirani na ya mama mkwe, alikaa siku nzima ametazama upande wa pili.

Mama Dorkas mwaka ule hakuvuna hata debe. Mahali pake palikuwa pameshuka hadi hapawezi kushuka tena. Miguu peke yake haikutosha. Ilibidi akae chini kabisa, amenyoosha miguu kwenye udongo mbichi wa mfereji, na pale alishinda akiminya mapepe moja moja kwa kucha, kuona kama labda limo moja lenye kiini.

Daktari Clement alimwona akiwa anaingia kazini. Alisimama. Akaenda ofisini kwake, akatoka na kiti chake mwenyewe, kile chenye mto, akakibeba kuvuka ua wote na kukiweka kando ya mfereji.

"Shikamoo, mama. Karibu ukae. Hapo chini pana baridi."

"Marahaba, baba." Mama Dorkas alikitazama kiti, akakipima kwa macho kutoka chini hadi kwenye mto. "Nashukuru. Ila nikikaa hapo juu nitakuwa nimevuna, na sikuvuna."

Daktari alibaki amekishika kiti kwa nyuma. Rahabu alikuwa anamwangalia kutoka dirishani, na kwa muda mfupi alidhani atasema kitu. Alisema, "Pole, mama," na alimaanisha. Kisha akakibeba kiti akakirudisha ndani. Bwana Wastani, aliyekuwa amesimama akisubiri, akakikalia, akauliza kama chai iko tayari.